Oili Chini ya Gari

Jumatatu, 4 Agosti

Usukani mzito tena. Nimefungua boneti, kikopo cha oili ya pawa kikavu. Nimejaza mpaka alama ya juu. Oili nyekundu, nyepesi, inateleza vidoleni na haitoki kwa sabuni ya kawaida. Nimezungusha usukani kushoto, kulia, ukalainika. Mikate imefika madukani imepoa. Hakuna aliyelalamika. Watu wa Kilindoni hawanilalamikii siku hizi, hata nikiwapelekea mkate ulioungua.

Jana nilijaza. Juzi pia. Mimi naendesha asubuhi tu, mjini hapahapa, duka hadi duka. Baba Nasra analichukua gari alasiri akishamaliza kuuza barafu kwa wavuvi, analirudisha baada ya magharibi. Nikimuuliza alikokwenda anasema kwa fundi, gari linavuja.

Fundi gani huyo, gari linakwenda kwake kila siku na kila siku linarudi linavuja zaidi?

Sijamuuliza hilo. Sina hamu ya kuuliza.

Jumanne, 5 Agosti

Mama kapiga simu kutoka Kirongwe. Chumba changu cha zamani ameshakifagia. Nimemwambia nakuja gari likipona. Jiko langu la kuokea ni zito, pikipiki haiwezi kulibeba, na gari kwa usukani huu silipeleki mbali.

Naandika hapa ili nijue kwamba nimeamua. Gari likipona, naondoka. Si kwa hasira. Hatujagombana. Tangu Nasra afariki, mwezi wa Rajabu, nyumba hii haijasikia ugomvi wala kicheko. Homa ilimchukua, miaka sita, meno mapya ya mbele hayajaota. Sasa mimi na baba yake tunapishana kwenye korido. Nipe chumvi. Shika taulo. Basi.

Nikiulizwa sababu nitatoa moja tu. Yeye alikwenda kuzika. Mimi nilibaki ndani na wanawake wenzangu, kwetu mwanamke hafuati jeneza. Alimpakata mtoto ndani ya gari hilihili, ndugu yake akaendesha, wakaenda Kiegeani kwenye makaburi ya kwao. Nilimngoja arudi aniambie. Pakoje? Kuna mti? Kivuli kinafika? Alirudi akavua kofia, akalala. Mpaka leo hajanipa hata neno moja. Ameliona kaburi la mwanangu akajinyamazia nalo, kama kwamba ni mali yake peke yake.

Hilo sijamsamehe. Mengine yote nimemsamehe, au nimeyasahau, sijui tofauti yake.

Jumatano, 6 Agosti

Gari nimelipeleka kwa fundi mwenyewe. Fundi Saidi, nyuma ya soko. Alianza kuniita Mama Nasra, akaishia katikati ya jina. Watu hawajui waniite nini. Hata mimi sijui.

Nikasema nimekuja kwa ajili ya ile oili inayovuja kila siku. Akashangaa. Gari hili hajaliona tangu kabla ya Ramadhani. Nikasema labda mume wangu analipeleka kwa fundi mwingine. Akasema labda. Mafundi wa Kilindoni wote wanakunywa kahawa kwenye benchi moja, angelijua. Aliona aibu kwa niaba yangu. Mimi sikuona aibu. Sikuona kitu.

Akaingia chini ya gari, akatoka na mkono mwekundu. Mpira wa presha umepasuka, ule unaotoka kwenye pampu. Akasema gari likizimwa mpira huu hautoi kitu, labda matone mawili matatu. Unamwaga injini ikiwa inawaka. Na kwa oili inayopotea hapa, kuna mtu analiacha gari linanguruma limesimama, muda mrefu. Aliyasema hayo akijifuta mikono, hanitazami.

Mpira mpya mpaka utoke Dar. Bahari imechafuka, boti hazina uhakika. Ameufunga kwa raba na waya. Amesema nisiuamini.

Alhamisi, 7 Agosti

Raba na waya havikufika adhuhuri.

Bi Mosi wa nyumba ya pili kaja kuazima ungo. Ungo wake anao, nauona kutoka dirishani kwangu. Akazunguka, akazunguka, mwisho akautema umbea wake. Gari letu linaonekana Kiegeani kila jioni, ndani huko kwenye minazi, na mtu yumo. Mdogo wake analiona akitoka shamba. Akasema yeye si mtu wa kuingilia ya watu. Kisha akanikazia macho aone kama nitalia.

Nimempa ungo.

Kwa hiyo ni mwanamke. Nimekaa jikoni na habari hiyo nikisubiri iniume. Haikuuma. Kama anaye, awe naye. Itanirahisishia safari. Nimekanda unga wa kesho na haukukataa kuumuka.

Kinachonikera ni oili. Makopo yote yale nimenunua mimi, yanakwenda kumwagika mlangoni kwa mtu nisiyemjua hata jina.

Ijumaa, 8 Agosti

Boti haikuja. Nimejaza oili.

Baba Nasra katoka msikitini, kala, kapumzika, kachukua funguo. Alisimama mlangoni kidogo kama mtu aliyesahau kitu. Niligeukia sufuria. Akaenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda Kiegeani.

Nilipomaliza kugawa mikate sikurudi nyumbani. Nilishika barabara ya Utende, nikaipita shule, nikakata kwenye njia ya mchanga inayoingia minazini, kama Bi Mosi alivyoieleza bila kuulizwa. Sikuwa na mpango wowote. Nadhani nilitaka kuiona nyumba tu. Rangi ya mlango.

Hakuna nyumba. Njia inazidi kuwa nyembamba, halafu kuna ukuta mfupi wa mawe uliobomoka upande mmoja, na ndani ya ukuta makaburi. Sijawahi kufika pale. Sikuhitaji kuambiwa.

Kwenye mchanga mweupe, kando ya ukuta, doa. Kubwa kama sinia. Pembeni limekuwa kahawia, katikati bado jekundu na bichi, la jana. Alama za matairi zinaingia palepale na kutoka palepale. Kutoka kwenye doa mpaka kwenye uwazi wa ukuta, mchanga ni mtulivu, makuti makavu yamelala juu yake, hakuna aliyeyakanyaga.

Nilichelewa kuelewa. Fundi alisema injini ikiwaka. Mtu anayeshuka kwenda kaburini anazima gari. Huyu hazimi. Anaegesha, anakaa ndani, gari linanguruma mpaka magharibi, kisha anarudi nyumbani kula. Kila siku ya Mungu anafika pale, na hashuki.

Hapo nikahisi kitu. Haikuwa huzuni. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kupata damu, vile vichomo.

Nilitaka kushuka mimi. Sikushuka. Peke yangu, sina hata ubani, na hayo makaburi madogo sijui la kwangu ni lipi. Nikaamua kugeuza gari. Usukani ukagoma. Oili yote chini. Nilivuta kwa mikono miwili, nikauegemea kwa kifua, tairi halisogei mchangani. Basi nikaanza kuupiga makofi, nikautukana matusi ambayo mama hajui kama ninayajua. Honi ikawa inalia kila nikipiga. Nasra alikuwa akikaa mapajani kwangu kuibonyeza tukifika dukani. Nikalia. Sikuwa nimelia tangu Rajabu, na nikalia kwa ajili ya usukani.

Shemeji Haji alisikia honi. Ni kaka yake mume wangu, shamba lake liko hapo nyuma. Hakuniuliza natafuta nini. Nikampisha, akaligeuza gari mbele, nyuma, mbele, nyuma, shati likamlowa. Aliposhuka nikamwambia anionyeshe kaburi. Akasema ingefaa nije na mume wangu. Nikamjibu mume wangu mwenyewe hashuki garini.

Akatazama lile doa. Halafu akasema, "Hata siku ile hakushuka, shemeji. Mtoto nilimpokea mikononi mwake mimi, nikaingia naye mimi."

Nimerudi Kilindoni polepole. Kila kona nimeipigania.

Jumapili, 10 Agosti

Miezi yote nimemchukia kwa kitu alichokiona. Hakukiona. Alirudi akavua kofia akalala kwa sababu hakuwa na la kusema.

Sijui niifanye nini chuki iliyobaki. Bado ipo, lakini imekosa mtu.

Leo hakuchukua gari. Jana aliona viganja vyangu vimevimba. Aliona mchanga mweupe kwenye matairi, na mchanga wa namna ile hauko mjini. Leo alikaa barazani na funguo mkononi mpaka wakaadhini.

Nilimpelekea chai. Sijui kwa nini nilimpelekea.

Jumanne, 12 Agosti

Boti imeingia, mpira umefika. Fundi Saidi ameufunga, akatia oili mpya, akazungusha usukani mwisho wa huku na mwisho wa kule mpaka mapovu yakaisha. Akatandika boksi chini ya gari akaliacha linawaka, mimi na yeye tukasimama tunatazama boksi kama watu wanaongoja maji yachemke. Boksi kavu. Akasema sasa hata Kirongwe naenda na kurudi. Hakujua alichokisema.

Usukani unazunguka kwa kidole kimoja. Umekuwa mwepesi mno, nimekaribia kugonga ukuta wa soko.

Mama kapiga. Nimemwambia gari limepona. Akasema basi njoo mwanangu. Nikasema nitampigia.

Baada ya kula niliweka funguo mkekani mbele ya Baba Nasra. Nikamwambia kaka yake ameniambia. Sikupandisha sauti, sina sauti ya kupandisha. Alitazama zile funguo. "Miguu ilinikatalia," akasema. Kisha yakamtoka kidogokidogo. Kila siku anajiambia leo atashuka. Injini haizimi kwa sababu likiwa linawaka anaona kama anapita tu, ataondoka wakati wowote. Alikuwa anaogopa nimuulize pakoje.

Nilikuwa nimengoja kuuliza hilohilo. Nikamwambia nataka kupaona, na kwamba peke yangu siwezi, nimeshajaribu. Akaanza kusema kuhusu wanawake na makaburi. Hakumaliza. Akaniuliza mikono bado inauma.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumekwenda alasiri. Nimeendesha mimi, yeye pembeni, mikono juu ya magoti. Shemeji Haji alitungoja ukutani na jembe na chupa ya marashi. Kuhusu mimi kuingia alisema kuzuru si kosa, nijistiri tu na nisipige ukelele. Nikamwambia ukelele nilishaumaliza garini Jumamosi. Akacheka kidogo, akajifanya anakohoa.

Niliegesha palepale juu ya doa. Sikuzima. Nilitoa mkono wangu kwenye usukani nikauweka mapajani. Baba Nasra akaelewa. Alinyoosha mkono akashika ufunguo na mkono ukabaki hapo. Gari linanguruma. Shemeji akageukia minazi. Nilikuwa na maneno ya kumhimiza, nikayaacha. Uso wake ulikuwa umelowa wote na hakuwa anajifuta.

Akazima.

Sikujua pale ni kimya hivyo. Ameshuka yeye kwanza, akanifungulia mlango, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya harusi.

Ni lile dogo lililo karibu na ukuta, kichwani limewekewa jiwe la tumbawe. Limeota magugu. Kuna mti. Mkorosho, shina liko nje lakini tawi moja limeingia ndani, na alasiri kivuli kinafika. Baba Nasra hakulitumia jembe, aling'oa kwa mikono, jani moja moja, hata yale madogo yasiyo na ubaya. Mimi nilinyunyiza marashi. Tukasoma Fatiha. Alikosea katikati, nikaendelea, akanidaka mbele.

Tulipotoka nimeinama chini ya gari kwa mazoea. Doa ni lilelile la zamani, limekauka, mchanga umeshaanza kulifunika.

Nimempigia mama. Nimemwambia nitakuja kumwona Jumapili, na Baba Nasra atakuja pia. Akauliza jiko nalo. Nikamwambia jiko linabaki.