Betri Iliyonyanyuliwa Kama Mbuzi

Abaayo Muslimo, shoga yangu, mume wangu Abdiwahab amekosa maziko ya dada yake! Dada yake wa pekee!

Juzi Abdiwahab alienda kununua betri ya gari. Fundi akamwambia, "Mzee, soma tarehe, uliza waranti." Yeye akazinyanyua moja moja kama mbuzi wa kuchinja. "Hii nzito, hii imeshiba!" Imeshiba! Kumbe kuukuu, imepakwa rangi tu.

Leo alfajiri wakapiga simu kutoka kwao Hulugho: dada amefariki, watamngoja mpaka alasiri, yeye kaka ndiye wa kumshusha kaburini. Akawasha gari. Tik. Akawasha tena. Tik. Na magari ya abiria yalishaondoka.



Sasa hivi mpwa wake kapiga: "Abti, mjomba wangu, tumeshamzika."

Bado ameshika usukani. Ameuliza moja tu: "Nani aliingia kaburini kumpokea?"