Mkwaju wa Shemeji Yako Ndani ya Chungu Chako

Chumba cha nyuma,
Nyumba yenye geti la bluu.
Jumapili, tarehe 14 mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi, zikufikie zikiwa bado na joto. Hujambo? Shemeji yangu hajambo, na lile goti lake? Na wewe sikio lako lililobaki bado linafanya kazi? Mimi kaka yako nipo. Miguu imeanza kunijibu vibaya, lakini meno yamebaki manne na yanafanya kazi ya yote. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima, panda nayo. Simu tumeshindwana nayo, maana wewe husikii na mimi sinyamazi.

Hapa nyumbani ni wazima. Mwanao, huyu niliyemzaa mimi, bado yuko kwenye karakana ya kutengeneza friji, siku hizi ndiye anayeshika funguo. Mkewe, mkwe wetu, anashona nguo barazani, cherehani inalia tangu asubuhi. Nikilalamika ananiambia, "Baba, hii nayo inazeeka, ivumilie kama tunavyokuvumilia wewe." Ni mtoto mzuri, ila mdomo anao.

Vyungu vyangu vimefika arobaini na kimoja. Vyote vya Kijapani, vya zamani, vya mkono, vya kupandia bonsai, ile miti ya miaka mingi inayofugwa ibaki midogo. Hakuna hata kimoja kilichopita kwenye mashine. Vimejaa rafu tatu, kuanzia kichwani mwa kitanda hadi dirishani. Kimoja nilikitoa mdomoni mwa mbwa, mwenye mbwa alikuwa anamnyweshea maji humo! Kingine nilikikuta kwa muuza vyombo chakavu, wamekigeuza cha kuzimia sigara. Watu hawana macho. Juzijuzi alikuja mwalimu wa chuo, mtu wa miwani mizito, akawa anavigeuza na kuniuliza kila kimoja kimetoka mkono gani. Nikamwonyesha mihuri chini ya vitako, huu wa fulani, huu wa mwanawe, huu wa kuiga. Alibaki mdomo wazi. Mimi niliyeacha shule darasa la tatu kwa kuchoka fimbo! Kutamka majina yao siwezi, lakini kila muhuri namjua aliyeupiga.

Sasa nimezunguka vya kutosha. Mdogo wangu, kuna jambo.

Unakumbuka ulipoteremka melini mara ya mwisho, ukiwa bado mpishi, kabla hujahamia huko? Ulikuja na chungu kimoja, umekifunga ndani ya suruali yako ya jikoni. Cha kahawia, hakikupakwa rangi, tumbo kubwa, mdomo umejikunja kwa ndani, miguu mitatu kama mawingu. Ulisema, "Kaka, niwekee hiki. Ila usipande kitu humo." Niwekee, ulisema. Hukusema chukua. Nakumbuka vizuri sana, na miaka thelathini na minne watu wote wanajua ni changu, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia. Hata mwanao anajua hivyo. Hata mfinyanzi wa hapa nyuma. Marehemu shemeji yako peke yake ndiye aliyejua ukweli, na alininyamazia.

Yeye, unajua, alikuwa na mkwaju wake mmoja tu. Aliuotesha kwa mbegu kwenye kopo la rangi, dirishani jikoni, akawa anaukata matawi kwa mkasi wa kucha. Ukawa mti mzee kabisa usiofika magotini. Alikuwa akinicheka: "Wewe una nyumba arobaini, zote hazina mpangaji. Mimi nina mpangaji mmoja, analala kwenye kopo."

Wiki tuliyomzika nilisema mpangaji wake hatalala tena kwenye kopo. Nikashusha chungu chako. Mfinyanzi alikuwepo, alikuja kunipa pole, akaniona nimeshika udongo. Akasema, "Mzee, mdomo wa chungu hiki umebana. Mizizi ikijaa humo, utauingiza mti na hutautoa." Nikamwambia, "Niutoe niende nao wapi?" Nilijiona nimesema neno la maana sana. Watu waliokuwepo walicheka, na mimi nikafurahi walivyocheka.

Hii miti, ili iishi, inatakiwa kila baada ya miaka miwili mitatu itolewe, ipunguzwe mizizi, iwekewe udongo mpya. Kila mtoto anayecheza na bonsai anajua. Mimi mwenye vyungu arobaini na kimoja nilijua. Mwaka wa tatu niliuvuta, haukutikisika. Nikasema mwakani. Huu ni mwaka wa saba.

Mizizi imejaa tumbo zima, imekuwa kama gunia la kamba. Maji hayashuki. Majani yanakuwa ya njano, yanaanguka kwenye shuka langu, asubuhi nayaokota moja moja. Nimechovya chungu chote kwenye beseni siku mbili. Nimeingiza waya. Nimeingiza kisu cha jikoni, kikakatikia humo humo, ncha bado imo ndani. Mkwe alikitafuta kile kisu wiki nzima, na mimi nikamsaidia kukitafuta.

Nikamwita mfinyanzi, ikabidi. Aligonga kwa ukucha, akasikiliza kama daktari. Akasema ukikata mizizi kwa kisu kirefu kupitia huo mdomo, unakata isiyoonekana, na mti wenyewe ni mgonjwa, hauna nguvu za kupona. Ukivunja chungu, mti una nafasi. Ukiuacha, hauoni mwisho wa mwezi huu. Nikamuuliza, yeye angefanyaje? Akasema, "Mwenye chungu ndiye aseme." Akanitazama. "Si ni wewe?"

Nikakohoa.

Mwanao akasema, "Baba, vunja. Chungu ni udongo, huo ni mti wa mama." Akaniletea nyundo kutoka karakana. Nimeishika mara tatu, mdogo wangu. Mara ya kwanza nilikumbuka suruali yako ya jikoni. Mara ya pili niliinyanyua, nikasema nitaupiga mti badala ya chungu. Mara ya tatu nilikaa tu nayo mapajani mpaka mkwe akaja akaichukua, akarudi nayo kwenye cherehani. Sasa kila anayepita mlangoni anatazama rafu kwanza, halafu ananitazama mimi.

Sikuombi msamaha, unanijua. Ila nimekiri, umesoma mwenyewe. Nataka unijibu neno moja, vunja au acha. Barua hii ataibeba rafiki wa mwanao anayesafiri Alhamisi. Nimehesabu siku za kwenda na za kurudi, hazitoshi. Najua hazitoshi. Lakini sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, na kwa mara ya kwanza sina la kusema mwenyewe.

Msalimie shemeji, mwambie goti alikande maji ya moto. Wasalimie wajukuu wote, na yule mdogo anayelia akiona picha yangu, mwambie hata mimi huwa nashtuka. Mwanao na mkwe wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, akuachie hilo sikio, na atujalie kuonana hata kwa siku moja.

Kaka yako akupendaye, mbishi wako.

Tena: Kabla ya kubandika bahasha nimeumwagilia mkwaju kikombe kimoja cha maji. Maji yamesimama juu, yametulia, nimeuona uso wangu humo. Nimekaa nikisubiri yashuke. Mkwe ameniita kula mara mbili. Bado yapo.