Bastola ya Mkono wa Kulia

London,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako Dada yangu Bi Zuwena,

Shikamoo, na amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na juu ya kila aliyemo nyumbani. Natumai barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, magoti hayakuumi, na jirani yako Bi Time, anayekusomea, amevaa miwani yake na hana haraka. Nimeambiwa kwamba akiwa na chungu jikoni huruka mistari. Bi Time, tafadhali usiruke.

Sisi huku hatujambo. Baridi imeingia lakini haijatuuma. Mwanangu Rukia bado yuko hospitali kwenye zamu zake, mumewe Hamad bado anasema atalitengeneza bomba la jikoni, na mjukuu wangu Samira ameanza chuo kikuu.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza kwa simu, kwa sauti ambayo Rukia aliisikia akiwa ghorofani, kama ni kweli kwamba nimenunua bastola. Umesema habari hiyo imeletwa Chake Chake na Mbarouk, mtoto wa shangazi yetu, aliyekuja kututembelea, na kwamba imekwisha kufika sokoni, ambako sasa inasemekana ninazo tatu na ninajitayarisha kurudi kupindua serikali. Dada, mimi ni mtu ninayepumzika katikati ya ngazi. Nimenunua bastola moja, na ni ya upepo. Nilitaka kukueleza siku ile ile, lakini katika simu wewe hunikatiza. Katika barua huwezi.

Bastola za risasi za moto zilipigwa marufuku katika nchi hii miaka kadhaa iliyopita, hata kwa wanamichezo. Zilizobaki kwa watu wa mashindano ni za upepo. Hurusha kijipande cha risasi kidogo kama punje ya mtama, nacho hutoboa karatasi. Hiyo ndiyo serikali ninayoipindua.

Nilivyoingia katika jambo hili ni hivi. Jumuiya yetu ya Wazanzibari huazima ukumbi ulio nyuma ya maduka, huku Kenton, kwa ajili ya maulidi. Mwaka jana nilifika nimebeba sinia ya kashata, nikaingia mlango usiokuwa wetu. Ndani nikawakuta Waingereza, wanaume kwa wanawake, wamesimama safu moja, kila mmoja ameelekea ukutani na mkono mmoja ameunyoosha, kimya kabisa. Nikadhani ni ibada yao. Kwa adabu nikakaa kiti cha nyuma, sinia mapajani, nikangoja wamalize. Nikasikia vishindo vidogo kama mtu anayebanja njugu, kisha mwanamke mmoja akatoa amri, na wote kwa pamoja wakashusha mikono. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyesema alikuwa hajasikia. Dada, nimesimama mbele ya madarasa karibu umri wangu wote, na tangu nistaafu sijapata kuona watu wakitii amri iliyotolewa mara moja tu. Nikajiandikisha pale pale. Kashata walizila wao, na watu wa maulidi hawajanisamehe.

Mwanamke huyo anaitwa Doreen. Ni mkunga mstaafu, naye ndiye anayewafundisha wanaoanza. Huniita mpenzi. Usishtuke. Huku muuza samaki humwita mteja mpenzi, na dereva wa basi humwita abiria mpenzi hata anapomfungia mlango usoni.

Wosia wake kwa mtu anayetaka kununua bastola yake ya kwanza ni kwamba asinunue. Azitumie kwanza za klabu, azijaribu zote, mpaka mkono wenyewe umwambie unataka ipi. Isiwe nzito, kwa kuwa mkono wa anayeanza huchoka upesi na bastola ikaanza kutazama sakafu. Mpini ujae kiganjani kama mkono wa mtu unayemjua. Kile cha kuvuta kwa kidole kiwe chepesi na kisikushtukize. Na uzuri wa kutazamwa, alisema, tuuachie mapazia.

Nilimsikiliza kwa makini, nikayaafiki yote, na Jumamosi iliyofuata nikaenda kununua bastola pamoja na Nassor.

Unamkumbuka Nassor, yule aliyekuwa karani wa forodha, aliyemposa binti wa watu kwa shairi refu mpaka binti akalala. Siku hizi makazi yake ni mkahawa mmoja wa Waarabu pale Edgware Road, ambako hutoa hukumu juu ya kila kitu, kuanzia figo mpaka magari. Hajapata kushika bastola, lakini alisema mtu hanunui kitu kikubwa peke yake kama mwizi, na hapo nilimwona amesema kweli.

Tulipofika dukani Nassor aliuliza bei, akashika kichwa, akasema kwa bei hiyo angetarajia na farasi. Mwenye duka akatabasamu. Nassor akataja bei yake. Mwenye duka akatabasamu vile vile. Basi Nassor akanishika mkono tukatoka, polepole kama ipasavyo, ili tuitwe. Tukafika mlangoni, hatukuitwa. Tukafika kwenye kona, hatukuitwa. Tukafika kituo cha basi, tukasimama tumeelekeza masikio dukani, mvua ikatunyeshea. Nassor alisema Waingereza ni watu wenye subira, tungoje. Mwishowe tulirudi, na yule bwana akatukaribisha kama watu asiopata kuwaona, akauliza atusaidie nini.

Kisha akaniuliza swali moja, mkono wa kulia au wa kushoto? Mipini ya bastola za mashindano huchongwa kufuata kiganja, na iliyochongwa kwa mkono mmoja haishikiki kwa mwingine, kama kiatu. Kabla sijafungua kinywa, Nassor akajibu kwamba sisi ni watu tuliolelewa, kwa hiyo kulia. Nami nililiona jibu hilo kuwa halina kasoro. Nala kwa kulia, naandika kwa kulia, natoa na kupokea kwa kulia. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifunga mkono wa kushoto kwa utepe wa kanga kuukuu nilipoanza chuo cha Kurani, ukaufunga tena kila nilipoufungua, mpaka ukajua adabu. Nikachagua bastola nzuri kuliko zote, mpini wake wa mti mwekundu unaong'aa, nzito kama pasi ya mkaa.

Doreen alipoiona aliniuliza kama nimenunua bastola au kabati.

Nikaanza kulenga. Nilisimama kama alivyofundisha, nikavuta pumzi kama alivyofundisha, na risasi zikaenda zilikotaka. Rukia, ambaye hakuamini kwamba baba yake yuko salama mahali penye silaha, akamtuma Samira aje kunitazama. Samira alikaa nyuma akila tufaha. Doreen akamwita ajaribu. Klabu ina bastola moja ya mkono wa kushoto, kongwe, mpini wake umezungushwa plasta ya hospitali, na Samira, ambaye nimemkemea kwa ajili ya mkono huo tangu ajue kushika kijiko, akaichukua, akapiga katikati ya karatasi, akaendelea kula tufaha.

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo Mbarouk hakukueleza. Umenilalamikia mara nyingi kwamba nikimpa Samira simu akuamkie, husema shikamoo, na baada ya hapo unasikia pumzi zake tu. Ulisema unataka kumsikia mtoto huyu akizungumza kabla masikio yako hayajaziba. Neno hilo lilinikaa. Mtoto anaelewa kila tunalosema, lakini hujibu kwa Kiingereza. Basi klabu ilipotangaza mashindano ya wanaoanza, nikamwambia tuwekeane sharti. Nikimshinda, kila Ijumaa atakaa na simu azungumze nawe kwa Kiswahili, mazungumzo kamili yenye mwanzo na mwisho. Akafikiri kidogo, akasema kwa Kiingereza kwamba amekubali, lakini akinishinda yeye, mimi nisimsahihishe mtu yeyote nyumbani kwa mwezi mzima, katika lugha yoyote.

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na bastola bora. Hamad aliposikia alisema atamwombea dua mzazi wake mkwe, lakini nilimwona akimpigia Samira kope. Na siku ya mashindano Rukia alimkaangia Samira mayai, mimi akanipa mkate.

Wiki moja kabla ya siku hiyo Doreen alinitaka niunganishe viganja, niache tundu dogo, nitazame saa ya ukutani kupitia tundu hilo, kisha nivute mikono usoni bila kuipoteza saa. Mikono ikaja yenyewe kwenye jicho la kushoto. Akasema jicho langu linalolenga ni la kushoto, na yeye anashuku kwamba mkono nao ni huo. Nikamjibu kwamba ameshuku vibaya. Akageuka kana kwamba anakwenda zake, ghafla akanirushia kitambaa cha kufutia ubao. Mkono wa kushoto ukatoka kama mtoto aliyesikia jina lake, ukakidaka. Samira alicheka mpaka akaketi chini. Ikanibidi niwaeleze habari ya utepe wa kanga. Doreen alisema pole, mpenzi. Mimi nikasema hakuna cha pole, nililelewa vizuri, na nitashindana kwa mkono niliolelewa nao.

Mashindano yalikuwa ya raundi mbili. Katika ya kwanza nilijipanga kwa utulivu, mkono wa kulia umenyooka, bastola yangu ikimeta kuliko zote. Jirani yangu wa kushoto alikuwa bwana mpole afanyaye kazi posta. Karatasi zilipokusanywa, yake ilikuwa na matundu mengi kuliko risasi alizopiga, na yangu ilikuwa na machache kuliko risasi nilizopiga. Yule bwana alinishukuru. Samira alikuwa mbele yetu sote, na mimi nilikuwa wa mwisho, nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa amesahau miwani.

Wakati wa mapumziko nilikaa peke yangu. Sikuona haya ya kushindwa, Dada. Nilikuwa nakuona wewe na simu sikioni, unasikiliza pumzi.

Samira akaja. Sheria haziruhusu kumkabidhi mtu bastola mkononi, kwa hiyo akailaza ile yake kongwe juu ya meza iliyokuwa mbele yangu, mdomo wake umeelekea ukutani, plasta na yote. Akasema, kwa Kiswahili, "Babu, tumia yangu. Bibi Zuwena hayuko hapa kukufunga."

Nikamtazama. Sikumbuki mara ya mwisho aliponiambia maneno yote hayo kwa mkupuo. Nikamwambia huyo akiambiwa atapanda ndege. Akasema, "Basi piga upesi, kabla hajafika."

Nikasimama. Nikasema bismillahi, na nikautoa mkono wa kushoto. Mpini ukajaa kiganjani kama Doreen alivyosema, na ile alama ya kulengea, iliyokuwa ikicheza mbele yangu miezi yote hiyo, ikatulia kama nzi aliyechoka. Nikavuta. Sikuhitaji kuuliza risasi imekwenda wapi. Nilipiga zote hivyo, na nilipomaliza yule bwana wa posta alichungulia karatasi yake, akasikitika kwamba safari hii sikumsaidia.

Katika raundi ya pili hakuna aliyenishinda, hata Samira, aliyepiga baada yangu kwa bastola ile ile. Lakini raundi zilijumlishwa, na mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kuniangamiza. Samira akawa wa kwanza. Mimi nilipanda hadi katikati, na sharti ni sharti.

Jioni ile mezani Hamad alisema sentensi moja iliyojaa makosa, ambayo sitaiandika hapa kwa kumhurumia Bi Time. Nikanywa maji. Akasema nyingine, nami nikaona kwamba anafanya kusudi. Nikanywa maji tena. Hali iliendelea hivyo, na maji nimekunywa mengi. Kisha usiku mmoja Samira, akiwa anamenya chungwa, akaanza kunieleza kwa Kiswahili habari za mwalimu wake wa chuo mwenye paka. Alieleza mpaka chungwa likaisha, akachukua jingine. Makosa yalikuwapo, Dada, yamesimama safu kama wale Waingereza ukumbini. Nilikaa juu ya mikono yangu yote miwili. Alipomaliza aliniuliza, "Bibi Zuwena anaamka saa ngapi Ijumaa?"

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya sala, uwe karibu na simu. Nimeshindwa, na deni halikuwa lake, lakini atapiga. Usimsahihishe. Hilo nimeahidi kwa niaba yako pia. Mimi nitakuwa chumba cha pili na gilasi yangu.

Ile bastola nzuri nimemuuzia bwana wa posta, mtu wa mkono wa kulia tangu kuzaliwa. Alitoa bei niliyotaja bila neno, jambo lililomuuma Nassor rohoni. Kijiko, hata hivyo, bado nakishika kwa kulia, na Samira bado namkemea kwa hilo, kwa macho tu.

Nisalimie shemeji Bakari, mume wako mvumilivu. Nisalimie wifi yangu wa Wete, mke wa marehemu kaka yetu, na wanawe. Nisalimie maamuma wenzangu wa msikiti wa mtaani, hasa yule aliyekuwa akigombea nami nafasi ya safu ya mbele. Kwa Bi Time natoa shukrani kama amesoma mistari yote. Na Mbarouk mpe salamu zangu, mwambie zimekuwa nne.

Jina langu hapa chini nimeliandika kwa mkono ule ulioufunga. Likikushinda kulisoma, mlaumu aliyeufunga.

Mdogo wako akupendaye,
Seif