Mshikaki wa Shemeji

Retno shoga yangu, nimemlipizia!!

Si unamjua shemeji Hendro, daktari wetu, aliyeniunga bega kwa waya nilipoanguka na pikipiki? Kila nikimlilia kwamba shingo inanichoma, ananicheka mbele ya ukoo mzima: "Upepo tu huo, Wulan. Kwaruzwa mgongo kwa sarafu, kama bibi zetu wanavyotoa upepo mwilini, utapona."

Haya, nikakwaruzwa. Sarafu ikagonga chuma. SHINGONI, Retno! Chuma! Waya wake ulikuwa umetambaa kutoka begani hadi huko. Hospitali nyingine ndiyo iliyoutoa, nami nikarudi nao nyumbani.

Sasa leo Idi, huyo kaja na shati jipya la batiki, kaninyooshea mkono: "Shemeji, tusameheane."

Nikamwambia, "Kula kwanza." Nikamletea mishikaki. Mmoja nimeutunga kwa waya uleule badala ya kijiti. Waya nimeuchemsha, usinianze!

Kauma, kavuta nyama, kautazama. Kaujua! Jasho likamtoka palepale.

"Wulan, hiki nini?"

Mama mkwe na ukoo wote wanatazama. Nikamjibu taratibu: "Upepo tu huo, shemeji."

Msamaha hajaupata. Nimemwongezea mchuzi wa karanga.