Benki Tatu za Mama Mkwe

Alhamisi, siku ya mwisho ya mwezi. Rasharasha tangu alfajiri, na baridi ya Iringa leo ni ya kuvaa soksi mbili. Nimerudi kutoka mjini nimelowa mpaka kwenye pochi, na moyo ndiyo kwanza unatulia.

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Mama mkwe wangu yuko kwetu mwezi wa pili sasa. Aliteleza sokoni Uyole, kule Mbeya, akisimamia viazi vyake vikishushwa. Mguu ukavunjika, ukafungwa hogo mpaka gotini. Mume wangu, Baba Nasra, akasema mama hawezi kubaki peke yake, aje Iringa. Yeye mwenyewe anafundisha kule Kilolo na anarudi Ijumaa, kwa hiyo mgonjwa ni wangu. Nilidhani nimepewa mtu wa kumuuguza. Kumbe nimeletewa mwalimu.

Siku ya pili tu alinikabidhi mfuko wa kitambaa wenye bahasha tatu. Mama ana akaunti tatu za malengo, benki tatu tofauti, na kila mwezi lazima kila moja ipate chake. Ya kwanza ni ada ya wifi yangu Salma, anayesomea uuguzi. Ya pili ni paa la nyumba ya Uyole. Ya tatu ni Hija, na hiyo iko kwenye benki isiyo na riba, kwa sababu Mama hataki shilingi yenye mashaka impeleke Makka. Miaka minne hajaruka mwezi hata mmoja. Muuza viazi, jamani! Kuna miezi ameuza kwa hasara, kuna miezi malori hayakufika kabisa, na bahasha zikaenda vilevile.

Nilimuuliza kwa nini asiweke zote sehemu moja apunguze nauli. Akacheka. "Mama Nasra, mimi naogopa mkono wangu mwenyewe. Zikikaa pamoja, paa litakula ada, na ada itakula Hija."

Nikamwona mshamba kidogo. Naandika hili kwa aibu. Mimi nina diploma ya uhasibu, nakaa ofisini mbele ya kompyuta, watu wananiita mtu wa hesabu.

Mwezi wa kwanza nilifuata kama alivyoniambia. Mwezi huu nikajifanya mjuaji. Nilianza na ya paa, nikaenda kwenye benki ya ada, na nikiwa pale dirishani na bahasha ya Hija mkononi, nikaiingiza humo humo kwenye akaunti ya Salma. Laki mbili. Nikajiambia huku faida ni nzuri, baadaye tutahamisha, Mama atanishukuru.

Uongo mtupu. Nilikuwa nakwepa foleni ya benki ya tatu.

Juzi mchana nikampa risiti. Akavaa miwani, akazisoma. Zilikuwa mbili, akauliza ya tatu. Nikamweleza kwa kujiamini, na Kiswahili changu cha ofisini. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ya Salma haitoki mpaka chuo kidai ada. Na ya Hija ikikosa mwezi, jina langu linarudi nyuma."

Hapo ndipo nilipojua habari ya orodha. Mama ni miongoni mwa watakaosafiri mwakani. Kwa utaratibu wa ile benki, ukiruka mwezi mmoja nafasi yako anapewa anayefuata, nawe unaanza kusubiri upya. Mama ana miaka sitini na nane na mguu wa hogo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Pesa ya kurudishia sikuwa nayo. Mshahara ulikuwa umeshayeyuka. Nikasema nitakopa kwa mwenzangu kazini, Mama akakataa palepale, Hija ya mkopo haitaki. Nikasema basi tumpigie Baba Nasra. "Mwanangu kashalipa hospitali," akasema, "mwache apumue." Kisha akaniomba nimsogezee simu yake.

Natamani ningerekodi kilichofuata. Mama kajilaza, mguu juu ya mito miwili, simu kaiweka spika, anampigia Baba Tusa, mnunuzi wa viazi wa pale Uyole. Alikuwa na magunia matano stoo, aliyahifadhi kusubiri bei ipande. Baba Tusa akaanza na elfu thelathini kwa gunia. Alishanusa shida, maana hakuna anayeuza viazi vya stoo wiki hii kwa raha zake. Mama hakubisha. Akamsalimia upya, akamuulizia wajukuu, akamuulizia ng'ombe aliyekuwa anaumwa. Ndipo akasema, "Baba Tusa, mimi nimevunjika mguu, sijavunjika akili."

Mzee akaangua kicheko, na nikajua kashapatikana. Wakapanda elfu mbili, wakapanda elfu tatu, Mama anapiga soga katikati kama hana haraka yoyote duniani. Bei ilipogusa arobaini akasema "ndaga fijo", ndiyo ahsante sana ya Kinyakyusa, akakata simu kabla mwenzake hajabadili mawazo. Hakuomba huruma hata mara moja. Wala hakutaja kwamba kuna mkwe kaharibu.

Wiki tatu mbele gunia lingefika sabini. Laki na nusu imekwenda kwa sababu ya uvivu wangu wa kupanga foleni, na hesabu hiyo haihitaji diploma.

Pesa imeingia leo asubuhi kwenye simu yake. Ningeweza kuihamishia benki hapo hapo kitandani, lakini Mama anataka karatasi yenye muhuri, na safari hii sikuleta ubishi. Nikaomba ruhusa kazini, nikatoa pesa kwa wakala, nikachukua bajaji. Foleni ilikuwa imetoka nje mpaka mvuani. Nimesimama saa mbili na nusu nikiangalia saa na mlango, saa na mlango. Nilipofika dirishani, yule dada akatazama kompyuta yake, akasema, "Huyu mama hajawahi kukosa mwezi." Nikaitikia ndiyo, kwa majivuno kabisa, utafikiri sifa ni zangu.

Nimefika nyumbani nikampa risiti. Akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye ule mfuko wake wa bahasha, akaukumbatia. Nikajua kazi nimenyang'anywa, na ni haki yangu. Nikaanza kuomba msamaha, maneno nimeyapanga njia nzima. Akanikatisha kwa kunisogezea mfuko.

"Mwezi ujao anza na ya Hija. Benki yao ina foleni."

Alijua. Tangu juzi alikuwa anajua.

Nikalia, nikacheka, vyote kwa pamoja. Naye akacheka, akasema Salma ana bahati, ada yake imenenepa mwezi huu. Nampenda huyu mama. Nimeishi na mwanawe miaka saba na sijawahi kuliandika hili popote, basi na liwe hapa.

Halafu, akiwa anavua miwani, bila hata dalili ya kunisuta, akaniuliza, "Na wewe mwanangu, zako ziko benki gani?"

Nikamwambia uji unaungua, nikakimbilia jikoni. Uji wenyewe nilikuwa sijaubandika.

Miaka sita nalipwa mshahara. Kesho tukinywa chai, kabla hajauliza tena, nitamjibu: Mama, sina hata moja.