Kibuyu cha Mama Mkwe Kilichopandwa Vitunguu

Mpendwa mshauri, nakuomba msaada kabla sijatamka neno ambalo halitarudi, maana leo ni siku ya kumi na saba nina hasira. Mimi ni Tabea, mzaliwa wa Usambara, nimeolewa na Thomasi, seremala, Mwarusha wa huku mlimani, na tunakaa mjini karibu na boma, chumba kimoja na kibaraza cha hatua mbili, shamba hatuna, na posho ya Thomasi ni unga mtupu, kwa hiyo nikaokota madebe ya mafuta ya taa yaliyotoboka, vyungu vyenye ufa na kasha bovu la misumari, nikajaza udongo wa kando ya mto Themi na samadi, nikapanda mchicha, mnavu, nyanya na pilipili, na tangu hapo hatujala ugali mkavu hata siku moja, na majirani walionicheka mwanzoni ndio wanaokuja kuomba.

Basi palikuwa na kibuyu cha maziwa alichonipa mama mkwe, Nanyori, nilipomzaa binti yetu Resiato, kikaanguka kikapasuka mdomo, nacho hapa mjini hakijaona maziwa mwaka mzima kwa sababu ng'ombe hatuna, nikaona kinafaa kuning'inizwa upenuni kwa vitunguu vya majani, Thomasi akakitoboa matundu matatu chini kwa kekee yake ili maji yatoke, nikapanda, vikaota vizuri sana. Mama mkwe akashuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi, akakiona, akaweka mzigo chini, akakataa kuketi, akakataa maji, akasema maneno mengi kwa Kimaa, nami Kimaa changu ni cha salamu tu, ndipo Thomasi akanitafsiria akitazama chini: "Anasema umemjaza mtoto wetu udongo mdomoni. Mvua za vuli zikianza atakuja kumchukua Resiato akalelewe mlimani."

Nikamwambia Thomasi amweleze mama kwamba sikujua, akasema naye maneno mawili matatu, mama akazidi kunitazama vibaya, akaondoka. Sasa Thomasi ananiambia niyang'oe yote, madebe na vyungu, ili mama atulie, na huyo huyo jana amekula mchicha wangu akaomba nyongeza. Mtoto ana miaka miwili, mshauri, na ni wangu. Je, ning'oe? Majina yetu yaandike tu, sioni haya.

Tabea, Arusha mjini

JIBU

Tabea, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika kuliko wewe.

Kwanza nikugombeze. Umeolewa na watu wanaoishi kwa ng'ombe, na hukuuliza kibuyu cha maziwa ni nini kwao. Kile si debe. Bibi yule alikisafisha kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu, si kwa maji, akakuletea ili mjukuu wake anywe. Hata kikipasuka hakitiwi samadi. Ana haki ya kuumia, na ungekuwa wewe ungeumia.

Lakini wewe umetoka Usambara, hukufundishwa. Aliyefundishwa ni nani? Umelipitisha jambo moja katikati ya maneno mengine kana kwamba si kitu: Thomasi ndiye aliyetoboa. Mtoto wa Nanyori, aliyekuzwa kwa maziwa ya vibuyu kama kile, alishika kekee akatoboa matundu matatu wala hakukuonya. Kisha mama alipokasirika, yeye huyo huyo akawa mkalimani wako. Hivi umejiuliza yale maneno mawili matatu yalisema nini? Mimi nimejiuliza.

Kwa hiyo using'oe hata jani moja. Mboga hazijamkosea mtu, na zinawalisha. Vitunguu vihamishie kwenye debe, kibuyu kipanguse kwa kitambaa kikavu, usikioshe, ukifunge katika nguo safi. Tafuta mwanamke anayejua Kimaa na Kiswahili, asiye ndugu wa Thomasi wala rafiki yake. Hapo mjini hakosekani. Mwende mlimani kabla ya vuli, wewe, mumeo na mwanamke huyo, mtoto akiwa mgongoni mwako, na usimkabidhi mtu njiani. Ukifika usikimbilie kujitetea. Mpe mama kibuyu chake kwa mikono miwili, omba radhi kwa kutokujua kwako, kisha nyamaza, umwachie Thomasi nafasi. Asipoitumia, mwanamke yule aeleze yote, mwanzo hadi mwisho.

Na wewe Thomasi, usijifanye hujalisoma gazeti hili, mkeo ameniruhusu kuandika majina na sasa mji mzima unakujua. Umekula mboga zake, ukaacha aonekane mbaya kwa kazi ya mkono wako, na sasa uko tayari kumtenga mwanao na mama yake ili tu wewe usigombezwe na wako. Mwanamume mzima. Mama yako atakugombeza, tena sana, na unastahili. Simama mbele yake, mkeo akiwa hapo na mkalimani akimtafsiria kila neno, useme: "Mama, yeye hakujua. Mimi nilijua, na ni mimi niliyetoboa."