Samaki wa Dada Hataki Kula

Jumapili, 2 Machi

Shemeji kaleta tangi la kioo. Watu wanne wamelibeba hadi sebuleni, maji ya chumvi kwenye madumu sita. Kesho anaihama nyumba aliyopanga na Dada. Chumba alichopata kina nafasi ya kitanda na yeye. Dada aliondoka wiki tatu zilizopita na sanduku moja. Samaki ni wa Dada, basi akae kwa mdogo wake – ndivyo alivyosema. Sikuombwa. Niliarifiwa.

Samaki mmoja tu. Bapa kama kisosi, mistari ya rangi ya chungwa, mdomo mrefu kama kibano.

Jumatatu, 3 Machi

Hajala. Nimemtilia uduvi ulioganda. Kaukaribia, kautazama, kaenda zake. Kama mteja anayejaribu fremu zote za miwani dukani kisha anasema atarudi.

Kazini: nimekata lenzi kumi na nne, moja imevunjika.

Jumanne, 4 Machi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe atalishikia wapi?

Shemeji kapita baada ya kazi na kitunguu saumu. Eti ukiukamulia uduvi, samaki anavutwa na harufu. Nyumba nzima imenuka, samaki hakuvutwa. Shemeji alikaa saa nzima. Akivaa viatu akauliza kama anakula. Nikasema bado, tangu aje hajagusa kitu. Akabadilika uso – alikuwa anamuulizia Dada.

Nikasema Dada anakula vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Dada kapiga simu mchana. Mama ndiye aliyempa habari za tangi. Kasema nizime pampu wakati wa kulisha, maji yatulie. Na nisimwambie Shemeji kuwa kauliza. Haya. Nimekuwa posta.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezima pampu. Kautia uduvi mdomoni – kautema! Nyama ya juu ya macho imeanza kubonyea.

Nimempitia muuza samaki wa mapambo. Kasema aina hii ikikonda hivyo ni nadra kurudi. Nina siku mbili tatu. Ameniuzia chaza. Nimfungue, niushindilie uduvi ndani ya gamba. Mdomo ule uliumbwa kwa kudokoa nyufani.

Ijumaa, 7 Machi

Gamba limekaa chini mchana kutwa. Kalizunguka mara mbili, basi.

Nimempigia Dada. Nikamwambia aje amwone mwenyewe, samaki anakufa.

"Mimi nilimnunua tu," akasema. "Aliyemfundisha kula ni yeye. Miezi miwili, kila asubuhi, mkono ndani ya maji. Hata chai alikuwa hanywi kwanza."

Sikuuliza kwa nini basi aliondoka. Alijibu bila kuulizwa.

"Na mimi nikimsalimia, ananiitikia amenipa mgongo."

Nikamtumia Shemeji meseji: kesho njoo mapema, samaki hali yake mbaya. Mengine sikuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Alikuja saa tatu. Hakuvua hata koti, alikunja mkono tu. Akalishika gamba katikati ya maji, akatulia. Nimefua, nimeanika, nimerudi, bado yuko vilevile. Nikamletea kiti, hakukitaka. Nikamuuliza mkono haumuumi. Akasema umekufa ganzi, afadhali, hautikisiki.

Saa tano na kitu samaki kasogea. Kadokoa. Hakutema. Kadokoa tena.

Simu yangu ikalia. Dada. Kabla sijasema lolote kauliza, amekula?

Ningeweza kujibu mwenyewe. Nikamwekea Shemeji simu sikioni – mkono wake ulikuwa majini. Hakusema haloo. Alisema, "Anakula." Kisha akasikiliza, macho kwenye kioo. Sikusikia alichoambiwa. Nilimwona akiliweka gamba chini polepole, akautoa mkono, akaufuta kwenye koti, akaishika simu mwenyewe. Akakipa kioo mgongo.

Nimehamia jikoni. Naandika huku. Namsikia akisema "ndiyo", kisha "ndiyo" nyingine, ya chini. Saa sita inakaribia. Uduvi uliobaki unayeyuka sahanini na samaki bado ana njaa. Kumlisha itanibidi nipite katikati ya sebule.

Nimesimama na sahani mlangoni, nasubiri simu iishe.